Utaratibu wa Bastola Iliyokwama

Umma unaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Machi, hakuna bastola ya Idara itakayoruhusiwa kukwama bila utaratibu.

Ndivyo tangazo letu lilivyoanza, na aliyeliandika ni mimi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Silaha Zilizokwama, Idara ya Ulinzi wa Maghala ya Umma, Kanda ya Thika na Ruiru. Cheo hiki hakiingii kwenye kadi ya kawaida, kwa hivyo kadi yangu inakunjwa mara mbili. Wivu umeniandama tangu nilipoichapisha, lakini wivu haujawahi kumzuia mtu anayejua kuandika.

Kwa wasomaji ambao hawajabahatika kushika silaha, nieleze. Bastola hukwama. Huenda risasi ni mbovu, huenda magazini haijakaa sawa, huenda kuna uchafu, au mkono wa mpigaji ni mlegevu. Kwa miaka kumi na sita Sajini Emmaculate Aketch, mwalimu wetu wa shabaha, alifundisha dawa ya kienyeji: gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta chuma cha juu nyuma kwa nguvu ukiachie, tazama mbele. Sekunde mbili. Makurutu walikuwa wakiimba huku wakifanya:

Gonga chini, vuta nyuma,
macho mbele, kazi njema.

Kamati iliipima mbinu hiyo ikaiona ina kasoro tatu. Haina fomu. Haina saini. Tena ni ya haraka mno, kiasi kwamba hakuna kiongozi anayeweza kufika kwa wakati kuishuhudia.

Kasoro hizi zilijulikana mwezi wa Februari, baada ya kisa cha Mwihoko. Wezi wawili waliruka ukuta wa ghala letu la mbolea la huko saa kumi jioni, mchana kweupe. Mmoja alimkamata Konstebo Ronny na kumwekea panga shingoni. Sajini Aketch akatoa bastola, akalenga rundo la mchanga kando yao ili awatishe, akafyatua. Bastola ikalia tik. Akagonga, akavuta, akafyatua tena. Mchanga ukaruka. Wezi wakatupa mapanga, na mmoja wao akaomba msamaha kwa Kiswahili kizuri. Ronny yuko hai mpaka leo na anakula kama kawaida.

Sajini akaandika ripoti ya mistari mitatu. Mstari wa pili ulisema: "Bastola ilikwama, nikaikwamua, nikaendelea."

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Githae, aliusoma mstari huo mara nne. Kisha akamwita Sajini aje Thika, makao ya Kanda, na mimi nikakaa pembeni na kalamu yangu.

"Sajini," akasema, "hapa umeandika nikaikwamua. Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa?"

"Bastola ni ya nani?"

"Ya Idara, mkuu."

"Na Idara ni nani?"

Sajini akaangalia dari, akaangalia picha ya Mkurugenzi ukutani, akamwangalia Mkurugenzi mwenyewe. "Yawa," akashangaa. "Mkuu, kijana alikuwa na panga kwa shingo."

"Hilo ni suala la kijana. Mimi nauliza suala la bastola."

Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, asiguse silaha yoyote ya Idara hadi kikao cha nidhamu. Kila mtu alijua kikao kingeamua nini, kwa sababu Mkurugenzi ndiye mwenyekiti wa Kamati na barua ya kumfuta ilikuwa tayari kwenye kompyuta yangu, imebaki tarehe tu. Nyumba anayoishi mtaani Gitothua pamoja na watoto wake watatu ni ya Idara. Akifutwa, ana siku saba za kuhama. Nilimwambia haya kwa upole alipokuwa akitoka, nikiwa mtu mwenye utu.

"Asante, Katibu," akasema. "Wewe ukikwama siku moja, utaandika barua."

Nililichukua neno hilo kama sifa.

Sasa Kamati ikakaa kutunga utaratibu. Tulikaa siku tisa, chai ikiwa na mandazi. Wanachama walikuwa Mkurugenzi, Mchungaji Gachau ambaye huwakilisha maadili, Bi. Waruguru wa Ununuzi, na mimi. Tulipata hatua kumi na moja. Afisa ambaye silaha yake imekwama atabaki alivyo, mkono umenyooshwa, silaha ikielekea mbele. Atatamka "Nimekwama" mara tatu kwa sauti ya kusikika. Mtu atatumwa Thika kuchukua Fomu ya Kukwama, ambayo huhifadhiwa kabatini mwa Mkurugenzi. Fomu itajazwa, itapigwa muhuri, na Mkurugenzi ataisaini kwa mkono wake mwenyewe, wino wa buluu. Mpaka saini ipatikane, silaha isitoke mikononi mwa aliyekwama, na asithubutu kuichezea.

Bi. Waruguru aliinua mkono. "Na mwizi je? Wakati huo wote mwizi anafanya nini?"

Mkurugenzi alifikiri. Yeye hafikirii ovyo.

"Mwizi atapewa nakala," akasema.

Tukapitisha.

Uzinduzi ulifanyika nje kidogo ya Ruiru, kwenye timbo la mawe lililoachwa, ambalo Idara hulitumia kama uwanja wa shabaha. Ukuta wa mawe mbele, hema mbili nyuma, viti vimefungwa riboni. Ili tusiitishe Kamati mara mbili, kikao cha nidhamu cha Sajini Aketch kilipangwa hapo hapo, baada ya chakula. Kwa hivyo alikuwepo, amekaa kiti cha mwisho akiwa na nguo za kiraia na mkoba mkubwa mapajani. Ronny alikaa kando yake.

"Sajini, usijali," nilimsikia Ronny akimwambia. "Hawa watu hawawezi kukufuta. Mimi ni ushahidi unaotembea."

"Ushahidi unaotembea hauna muhuri, Ronny. Kula kuku wako."

Hotuba zikatolewa. Kila msemaji alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena kwa dakika kumi. Mimi nilisoma utangulizi wa utaratibu, na naamini baadhi ya watu walifumba macho kwa hisia. Ndipo Mkurugenzi akaalikwa kupiga risasi ya heshima, ili utaratibu uanze rasmi.

Alisimama mbele ya ukuta wa mawe na bastola yake mwenyewe, ile anayoivaa kiunoni kwenye harusi na mazishi. Becky, mpiga picha wetu, akapiga magoti upande wa kushoto.

"Mkuu, hapo unaonekana umekasirika," akasema. "Legeza mkono kidogo. Eee, kunja kiwiko. Sasa angalia huku kwangu. Tabasamu."

Mkurugenzi akalegeza mkono, akakunja kiwiko, akatabasamu, akafyatua.

Pa!

Tukapiga makofi. Ganda la risasi, ambalo kwa kawaida hurukia kando, lilikuwa limebanwa na chuma cha juu, limesimama wima kama bomba la moshi. Mkurugenzi akafyatua tena ili Becky apate picha ya pili. Kimya. Akaminya mara ya tatu. Kimya. Akaanza kugeuka kuelekea kwetu ili aichungulie vizuri mwangani.

"Usigeuke!" Ilikuwa sauti ya Sajini Aketch, na watu wa hema zote mbili wakalala chini, zikabaki nguzo tu zimesimama. "Elekeza mbele! Mbele! Kidole nje ya kifyatulio!"

Mkurugenzi akageukia ukuta kama mlango unaofungwa na upepo. Akashika bastola kwa mikono miwili, akabaki hivyo. Nikajikung'uta vumbi na kumwendea kwa nyuma, kama inavyompasa Katibu.

"Katibu," akanong'ona. "Imekwama."

"Mkuu, utaratibu unasema mara tatu, kwa sauti ya kusikika."

"Wewe, unanichezea?"

"Hapana, mkuu. Hatua ya pili."

"Nimekwama," akasema. "Nimekwama. Nimekwama!" Mara ya tatu ilitoka vizuri sana. Ukuta wa timbo uliirudisha nzima nzima, na watu wa hema la pili wakapiga makofi tena wakidhani ni sehemu ya programu.

"Hii kitu inaweza kulipuka?" akauliza.

Nikamwangalia Sajini kwa mbali. Akaitikia kutoka kwenye kiti chake. "Ina risasi zingine ndani, mkuu. Ukiielekeza kwa mawe, mawe hayana shida nayo."

Jasho likaanza kumtoka Mkurugenzi kichwani. Nieleze hapa kwamba yeye ameajiriwa Idara miaka ishirini na mbili, na mwaka huo alikuwa ametunga hatua kumi na moja za kukwamua bastola, lakini kuikwamua yenyewe hakuwahi. Kiongozi hawezi kujua kila kitu. Ndiyo maana kuna fomu.

Fomu ilikuwa Thika, kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfuko wa kulia wa suruali ya Mkurugenzi.

"Bi. Waruguru," nikasema, "tafadhali toa ufunguo mfukoni mwa mwenyekiti."

"Haiya! Mimi?" Alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi ni mke wa mtu. Niingize mkono kwa suruali ya mwanaume mbele ya kamera? Becky, zima hiyo kitu."

"Siwezi kuzima," akasema Becky. "Nimelipwa kushughulikia tukio lote."

Mchungaji Gachau akaingiza mkono akitazama mbinguni. Akatoa kwanza leso, kisha kijiti cha meno, kisha ufunguo. Dereva akaondoka mbio kwenda Thika, na sisi tukangoja. Baada ya dakika ishirini mikono ya Mkurugenzi ilianza kutetemeka. Baada ya thelathini akaanza kuimba wimbo wa kanisani polepole, mstari mmoja tu, kwa sababu hakuujua wa pili. Ronny akamletea maji na kumnywesha kama ndama.

"Pole, mkuu," Ronny akasema. "Mimi hiyo ya panga ilikuwa sekunde mbili tu, na niliona ni mwaka."

Dakika ya hamsini na tano fomu ikafika. Niliijaza kwa mwandiko wangu bora. Mahali pa "Sababu ya kukwama" niliandika "Tabasamu", kwa kuwa mimi huandika ukweli. Muhuri ukapigwa juu ya mgongo wa dereva. Ikabaki saini.

Nilisimama mbele ya Mkurugenzi, yaani kando yake, nikashika fomu na kalamu ya wino wa buluu. Tukaangaliana. Hatua ya tisa inasema atasaini kwa mkono wake mwenyewe. Hatua ya kumi inasema silaha isitoke mikononi mwake mpaka asaini.

"Ngai," akasema Mkurugenzi, akimwita Mungu kwa Kikuyu.

"Anaweza kusaini kwa mdomo," Bi. Waruguru akapendekeza. "Kuna mtu nilimwona kwa televisheni."

"Utaratibu unasema mkono," nikasema.

"Nani aliandika utaratibu wa kijinga namna hii?" akafoka Mkurugenzi.

Nikaitazama kalamu yangu. Adabu ni adabu. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, herufi kubwa.

Ndipo akasema lile ambalo hema zote zilikuwa zikilingoja. "Aketch! Sajini Aketch! Njoo unisaidie, mama."

Sajini akainuka, akaja polepole, akasimama kando yake, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mkoba.

"Mkuu, mimi ningekusaidia," akasema. "Lakini nimesimamishwa kazi. Nikigusa hiyo silaha ni kosa la pili, na hata la kwanza halijaisha."

"Nakurudisha! Sasa hivi!"

Ikabidi niingilie. "Mwenyekiti hawezi kumrudisha peke yake. Ni Kamati. Bahati nzuri akidi imetimia, na kikao chake kiko kwenye programu ya leo."

"Basi fungua kikao! Fungua, fungua!"

Nikafungua kikao. Vikao vyetu huanza kwa sala, na Mchungaji Gachau si mtu wa kukatisha sala kwa sababu ya dharura. Dharura ndiyo humtia moto. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea vijana wa Ruiru waache miraa, akaombea viongozi wapewe mikono yenye nguvu. Mkurugenzi alisema "Amina" mara sita kabla ya wakati. Nikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Nikauliza kama kuna udhuru. Kisha nikafika kwenye ajenda ya tatu: nidhamu ya Sajini Emmaculate Aketch.

"Naomba hoja ya kumrudisha kazini," nikasema.

"Natoa hoja," akasema Bi. Waruguru.

"Naunga mkono," akasema Mchungaji.

"Mwenyekiti?"

"Ndiyo! Ndiyo, wewe kijana, ndiyo!"

"Mtuhumiwa ana la kusema?"

Sajini aliweka mkoba chini. Hapo tu ndipo niliposikia funguo zikilia ndani yake. Mwanamke huyu alikuwa amekuja pale na funguo za nyumba ya Gitothua ndani ya mkoba, tayari kuzirudisha.

"Sitaki tu kurudi," akasema. "Nikirudi leo, kesho kijana wangu mwingine atashikwa shingo, na atakufa akingoja fomu. Nataka iandikwe: afisa akikwama, ajikwamue. Asiombe mtu."

"Andika!" akalia Mkurugenzi. "Katibu, andika kila kitu! Kila kitu kama kilivyo!"

Nikaandika kila kitu kama kilivyo. Hoja ikapita bila kupingwa.

Sajini akaiweka mikono yake juu ya mikono ya Mkurugenzi, akaichukua bastola bila kuipeleka popote isipokuwa kwa mawe. Akagonga. Akavuta. Ganda likaruka, likatua kwenye kiatu cha Becky. Kisha akatoa magazini, akavuta tena, risasi iliyobaki ndani ikaanguka mchangani, akachungulia, akaniambia, "Tupu." Nilikuwa na saa mkononi. Kugonga na kuvuta kulichukua sekunde mbili. Kikao kilikuwa kimechukua dakika thelathini na nane.

Mkurugenzi hakuweza kushusha mikono. Alipelekwa kwenye gari hivyo hivyo, imenyooka mbele yake, na mlango ukabaki wazi mpaka barabara kuu.

Mikono ilipolegea, siku ya pili, akili nayo ilirudi. Aliniita ofisini akanitamkia barua ya kwenda Makao Makuu, Nairobi. Alitaka maamuzi ya kikao yafutwe, Sajini afutwe pamoja nayo, na hatua kumi na moja zibaki. Sababu yake ilikuwa ya kisheria, tena nzito: maamuzi yale yalifanywa chini ya tishio la silaha, na uamuzi wa mtu aliyetishiwa kwa silaha si uamuzi.

Ni barua nzuri. Niliipamba mahali pawili. Nikaambatisha kumbukumbu za kikao na picha zote za Becky, kama mfanyakazi anayejua kazi yake.

Makao Makuu hujibu baada ya miezi minane. Safari hii walijibu baada ya siku nane. Niliingia na bahasha, Mkurugenzi akaniamuru nisome kwa sauti, kwa kuwa alitaka na mhudumu wa chai asikie.

"'Tumepokea malalamiko yako,'" nikasoma, "'kwamba Kamati ya Kanda ilifanya maamuzi chini ya tishio la silaha. Tumechunguza na kuthibitisha kwamba ni kweli.'"

"Ah!" Akapiga meza. "Endelea."

"'Kumbukumbu zinaonyesha kwamba katika kikao kizima, mtu mmoja tu alikuwa na silaha, yaani mwenyekiti. Picha zinamwonyesha akiwa ameishika kwa mikono miwili huku akiwapigia kelele wanachama wapitishe hoja. Wanachama wawili tuliowahoji, mchungaji mmoja na mke wa mtu, wameeleza kwamba wangepitisha hoja hiyo hata bila kutishwa. Kwa hivyo hoja inasimama, na Sajini Aketch anaendelea na kazi. Kuhusu wewe, umesimamishwa kazi kuanzia leo kwa kuishikilia Kamati ya Serikali kwa bastola muda wa dakika thelathini na nane. Tunakushukuru kwa kutufahamisha.'"

Mhudumu wa chai akatoka na birika bila kumimina.

Nje, kwenye uwanja, makurutu walikuwa mapumzikoni wakicheka jambo lao.

"Nani aliandika kwenye kumbukumbu kwamba nilikuwa na bastola?"

"Ni mimi, mkuu. Uliniagiza niandike kila kitu kama kilivyo."

Akaisoma barua mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa kidole. "Naweza kukata rufaa?"

"Bila shaka, mkuu. Ni haki yako. Rufaa za Kanda husikilizwa na mwenyekiti wa Kamati."

Macho yake yakapata uhai. "Na mwenyekiti ni nani?"

"Ni wewe, mkuu," nikamwambia. "Lakini umesimamishwa."